Minyoo Imepungua Kyela, Mbu Yuko Palepale

Na Mwandishi Wetu, Lyulilo

Jumamosi ni siku ya vyungu hapa Lyulilo. Mitumbwi huingia asubuhi ikitokea Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa. Wanawake hushusha vyungu kimoja baada ya kingine, wakavipanga mchangani: vikubwa nyuma, vidogo mbele, mitungi kando. Kabla jua halijawa kali, wanunuzi wa Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya wamekwishafika, wanagonga matumbo ya vyungu kwa vidole kusikiliza kama kuna ufa.

Masika ikikolea, chungu kinacholala nje mdomo juu huamka kimejaa maji. Anayekiuza hukipindua na kukifuta. Kile kilichopasuka, kikatupwa nyuma ya nyumba, hakuna anayekipindua. Siku kumi hadi kumi na nne baadaye, maji yale yaliyosimama yanakuwa yametoa mbu kamili, wenye mabawa na wenye njaa.

Kyela haina uhaba wa mahali pa mbu kuzalia. Wilaya hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani kwa kasi, ikifika bondeni inachoka, inatambaa, inafurika. Ndiyo maana mchele wa Kyela unasifika nchi nzima. Ndiyo maana pia, kwa vizazi vingi, kwenye mikusanyiko ya mwambao huu hukukosa kumwona mzee mwenye mguu uliovimba hadi kifundo kimemezwa na nyama, au mwanamume anayetembea taratibu huku amejifunga kitambaa kipana kuficha busha.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huo, matende, umerudishwa nyuma sana katika miaka ya karibuni. Habari ambayo haizungumzwi vya kutosha ni kwamba aliyerudishwa nyuma ni mnyoo. Mbu aliyembeba hajaguswa kwa kiasi hicho.

Mmoja kati ya watatu

Tunajua ukubwa wa tatizo kwa sababu Kyela imechunguzwa kwa karibu kuliko wilaya nyingi za Tanzania. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani, kilianza mwaka 2006 kufuatilia afya ya maelfu ya wakazi wa mkoa wa Mbeya mwaka hadi mwaka. Eneo mojawapo lilikuwa huku Kyela.

Damu ya wakazi hao ilipopimwa matende, zaidi ya theluthi moja ya vijana na watu wazima walikutwa na vimelea. Mtu mmoja kati ya watatu, na wengi wao hawakuwa na uvimbe wowote. Walilima, walivua, walioa na kuolewa bila kujua kwamba kwenye mishipa yao ya limfu kuna minyoo myembamba kama uzi, ambayo huishi humo kwa miaka kadhaa ikizaa watoto wasiohesabika.

Mwaka 2016 watafiti hao walichapisha katika jarida la The Lancet jambo ambalo lilipaswa kutikisa kila ofisi ya afya nchini. Watu wenye vimelea vya matende huko Kyela walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha takribani mara mbili ya wasio navyo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana. Matende hayaleti UKIMWI. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mnyoo huziweka chembe za kinga katika hali ya kuamka muda wote, na chembe zilizoamka ndizo ambazo VVU huziingia kwa urahisi.

> Zaidi ya theluthi moja ya watu wazima waliopimwa Kyela walikuwa na vimelea vya matende, na wengi hawakuwa na dalili yoyote.

Kumbe ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa aibu tu, wa wazee, usioua, ulikuwa unafungulia mlango ugonjwa mwingine kwa vijana.

Fimbo yenye alama

Ugawaji wa kingatiba ya matende ulianza huku mwaka 2009, chini ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele. Nchini kwa ujumla kazi hiyo ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000.

Namna yake ni rahisi, na urahisi huo ndio nguvu yake. Mgawa dawa anachaguliwa na kijiji chenyewe. Anafundishwa, anapewa daftari, vidonge na fimbo ndefu yenye alama. Hana mizani. Anakusimamisha kando ya fimbo na urefu wako unaamua dozi ya ivermectin: aliyefika sentimita 90 anapata kidonge kimoja, na idadi inapanda kwa hatua hadi vidonge vinne kwa mtu mrefu. Juu yake kinaongezwa kidonge kimoja cha albendazole. Unameza palepale mbele yake. Mtoto asiyefikia alama ya kwanza harukwi kwa bahati mbaya. Anaachwa makusudi, pamoja na mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya wiki hiyo na mgonjwa aliyezidiwa.

Ivermectin ilipatikana kutokana na bakteria wa udongo aliyeokotwa Japani na Satoshi Ōmura. Yeye na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu 1987, kwanza kwa ajili ya ugonjwa wa usubi, kisha kwa matende.

Dawa hiyo haimuui mnyoo mzazi kwa urahisi. Inafyeka watoto wake walioko kwenye damu, ili mbu anapokuja kunyonya asipate cha kubeba. Ndiyo maana inamezwa kila mwaka kwa angalau miaka mitano, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka kila mzunguko ufikie angalau asilimia 65 ya wakazi wote. Jirani anayekataa kumeza anabaki kuwa ghala la vimelea kwa kijiji kizima.

Mwaka 2019 watafiti wa Mbeya walirudi kupima. Kiwango kilichokuwa asilimia 35 kilikuwa kimeshuka hadi chini ya asilimia 2.

Nimesoma takwimu nyingi za afya katika kazi hii. Ni chache zinazoonyesha kijiji kikifanya jambo kubwa kiasi hiki kwa fimbo, daftari na subira ya watu waliojitolea. Wagawa dawa wa Kyela wanastahili heshima ambayo hawajapewa.

Damu ya saa sita usiku

Ili kuelewa kwa nini kazi haijaisha, inabidi kujua tabia ya mnyoo huyu na mwenyeji wake.

Mwaka 1877, katika mji wa Amoy nchini China, daktari Patrick Manson aligundua kwamba vimelea vya matende hukua ndani ya mwili wa mbu. Huo ulikuwa mwanzo wa elimu yote ya magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Ronald Ross alifuata miaka ishirini baadaye na malaria. Manson na wenzake waliona pia jambo la ajabu: watoto wa mnyoo hawaonekani kwa wingi kwenye damu ya mchana. Hujificha kwenye mishipa ya mapafu, wakatoka kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, saa zile ambazo mbu wa usiku wanauma. Kwa sababu hiyo, ili kuwaona kwa hadubini, mpimaji alilazimika kuwaamsha watu usiku na kuwatoboa vidole. Siku hizi kipo kipimo cha haraka ambacho hutambua alama za mnyoo mzazi hata mchana.

Mwambao huu wenyewe una nafasi katika historia hiyo. Wajerumani walijenga boma lao la kwanza la ziwani, Langenburg, pwani hii ya kaskazini mashariki mwaka 1893. Daktari wa kijeshi Friedrich Fülleborn aliishi na kufanya kazi huku miaka ya mwisho ya karne ya 19, akikusanya samaki, wadudu na kumbukumbu za magonjwa. Samaki mmoja wa mawe wa Ziwa Nyasa bado ana jina lake. Fülleborn aliporudi kwao akawa miongoni mwa mabingwa wa minyoo hii huko Hamburg. Boma nalo halikudumu ufukweni. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilihamishiwa Tukuyu, kwenye baridi na mbu wachache.

Wakazi wa Lyulilo na Matema hawakuwa na Tukuyu ya kuhamia.

Zanzibar iliposimama mapema

Ugawaji wa kingatiba haukuwekwa uwe wa milele. Kila wilaya hufika siku ambapo watoto wa miaka sita na saba hupimwa, na matokeo yakiwa chini ya kiwango kilichowekwa, vidonge husimama. Baada ya hapo uchunguzi hurudiwa mara mbili katika kipindi cha miaka minne hadi sita.

Hapa ndipo watu wa afya wanapotofautiana, na tofauti yao si ndogo.

Upande mmoja unasema: kidonge kimefanya kazi, tukamilishe mizunguko, tupime watoto, tutangaze, tuhamishie nguvu kwenye magonjwa mengine. Fedha za magonjwa haya zinategemea wahisani, na mhisani hakai milele. Hoja hiyo ina uzito. Wilaya yenye zahanati zinazolilia dawa za kawaida haiwezi kugawa vidonge kwa watu wazima wenye afya mwaka baada ya mwaka.

Upande wa pili unataja Zanzibar. Visiwani humo kingatiba iligawiwa kuanzia 2001, na baada ya mizunguko sita ikasimamishwa, ikiaminika kwamba matende yamekwisha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha maambukizi bado yapo, na ugawaji ukaanza upya mwaka 2013. Mnyoo alikuwa amebaki kwa wachache, na mbu walikuwa walewale.

Zanzibar hiyohiyo ina somo jingine, la zamani zaidi. Huko Makunduchi mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na kugawa dawa, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki nyeupe, zile za kufungashia vyombo, ndani ya vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu. Punje zilielea juu kama tabaka, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu jike akakosa pa kutagia. Mbu walipungua kwa kiasi kikubwa, na vimelea havikurudi kwa kasi kama mahali palipopewa dawa peke yake.

Mimi nauona upande wa pili kuwa na hoja yenye nguvu zaidi. Sisemi vidonge viendelee milele. Nasema kwamba siku vitakapokoma, kama hakuna aliyeandaa namna ya kumkabili mbu wa Kyela, tutakuwa tumeacha mlango wazi baada ya kumfukuza mwizi.

> Vidonge vikikoma, kinachobaki kati ya mtu na mnyoo ni mbu.

Zaidi ya hapo kuna jirani. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kuwa imeondoa matende kama tatizo la afya ya jamii. Watu wa Kasumulu na Karonga wanavuka kila siku kwa biashara, misiba na ndoa. Ugonjwa ukiamka upande wetu, hautasubiri kugongewa muhuri mpakani.

Maji yaleyale, wadudu mbalimbali

Kosa la kampeni nyingi ni kuzungumzia wadudu kana kwamba wote ni ndugu wa tumbo moja. Anayeishi kati ya milima ya Rungwe na ufukwe wa Lyulilo anajua sivyo.

Panda juu, Rungwe na Busokelo, mahali maji yanapokimbia juu ya mawe na kutoa povu. Huko hakuna mbu wa malaria anayeweza kulea watoto kwenye maji yale. Anayelea ni usubi, inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo, ambaye viluwiluwi wake hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama, wakichuja chakula kutoka kwenye maji yanayopita. Bila kasi ya maji wanakufa. Usubi huuma mchana, hasa miguuni, shambani na mtoni. Chandarua hakimzuii, kwa sababu saa anazouma hakuna aliyelala.

Ugonjwa anaoubeba huwasha ngozi hadi ikakunjamana na huweza kupofusha. Mnyoo wake mzazi huweza kuishi miaka kumi hadi kumi na mitano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mito ya Tukuyu iliwekwa miongoni mwa maeneo machache barani ambako mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi ulijaribu kumwondoa inzi mwenyewe kwa dawa ya mitoni. Huko Itwara nchini Uganda na kisiwani Bioko, Guinea ya Ikweta, inzi walitoweka. Huku kwenye maporomoko yasiyohesabika, kidonge cha kila mwaka kimebaki silaha kuu.

Teremka sasa bondeni, maji yanaposimama kwenye majaruba. Hapo usubi hana kazi. Mbu wa Anofelesi ndiye mwenye nyumba, na huku vijijini ndiye anayebeba malaria na matende kwa pamoja. Mjini Kyela, kwenye mitaro iliyoziba na vyoo vilivyojaa, anayetawala ni Kuleksi, yule mwenye kelele za sikioni. Kwenye vifuu, makopo, matairi na vyungu vilivyopasuka anazalia Aedesi, anayeuma mchana na kubeba dengi na chikungunya. Homa hii ya mwisho iligunduliwa nchini kwetu, kusini, mwaka 1952 na 1953.

Wapo pia mbu wa mafuriko, ambao mayai yao hulala kwenye udongo mkavu yakisubiri maji. Hao ndio huanzisha homa ya bonde la ufa kwa ng'ombe, ikamfikia mtu kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu na uzao wa mnyama mgonjwa. Uchunguzi wa NIMR Mbeya uliochapishwa 2012 ulikuta kwamba, katika eneo lililo karibu na ziwa hili, karibu watu watatu kati ya kumi waliwahi kupata virusi hivyo, wakati kwa sehemu zote zilizopimwa mkoani wastani ulikuwa asilimia 5 hivi. Hakukuwa na tangazo la mlipuko. Homa zilipita zikihesabiwa kuwa malaria. Katika nchi ya Wanyakyusa, ambako ng'ombe ni mahari, heshima na akiba ya nyumba, chanjo ya ng'ombe kabla ya mafuriko ni kinga ya watu pia.

Wapo na wadudu wasio na hatia. Siku nyingine juu ya ziwa huinuka mawingu meusi kama moshi wa moto wa nyika. Mgeni hushtuka akidhani ni mbu. Ni vijidudu vya ziwani visivyouma mtu kamwe. Upande wa Malawi huitwa nkhungu, na watu wa huko huvikusanya, wakavifinyanga na kuvila.

Na kwenye mashamba ya kakao, zao ambalo Kyela ndiyo mzalishaji wake mkubwa nchini, maua madogo yanayochomoza kwenye shina huchavushwa na visubi vidogo mno, vidogo kuliko punje ya mchele. Visubi hivyo huzaliana kwenye majani yanayooza, migomba iliyokatwa na maganda ya kakao. Mtu akipendekeza kupulizia sumu nje, kila mahali, ili "kumaliza wadudu", mkulima wa kakao ana haki ya kuuliza nani atachavusha maua yake.

Chandarua kikienda ziwani

Silaha tuliyoizoea ni chandarua chenye dawa. Tangu Hati Punguzo ilipoanza mwaka 2004, kupitia kampeni za kugawa kwa kila kaya hadi ugawaji wa shuleni, mamilioni ya vyandarua vimefika majumbani. Kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini kilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2007/08 hadi 7.3 mwaka 2017. Mwaka 2022 kilikuwa asilimia 8 hivi. Kasi imepungua.

Sababu moja ni usugu. Mbu wengi wamezoea dawa ya kundi la pairethroidi iliyopakwa kwenye vyandarua vya kawaida. Utafiti uliofanyika Misungwi, Mwanza, na kuchapishwa 2022 ulilinganisha aina za vyandarua. Baada ya miaka miwili, watoto wa vijiji vilivyopewa chandarua cha kawaida walikutwa na malaria kwa asilimia 46 hivi. Waliopewa chenye dawa ya pili, klofenapiri, asilimia 26. Kwa hiyo si kila chandarua ni chandarua, na halmashauri inayoagiza inapaswa kuuliza kimetiwa nini.

Sababu ya pili iko wazi hapa ufukweni. Kitambaa cha chandarua kina matundu madogo, na matundu madogo hukamata usipa, samaki wadogo wa ziwa hili. Vipande vinashonwa pamoja, vinafungwa vizito na kukokotwa kwenye maji mafupi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake haziruhusu nyavu za namna hiyo, kwa sababu zinazoa vifaranga vya samaki kabla havijakua. Dawa iliyo kwenye chandarua nayo ni sumu kwa samaki.

Afisa uvuvi huliona kama kosa la jinai. Afisa afya huliona kama hasara ya mradi. Mvuvi huliona kama mboga ya leo. Wote watatu wanasema kweli, na kumkamata huyo wa tatu peke yake hakujawahi kumaliza tatizo popote kwenye maziwa yetu. Kwanza ni vema kujua ni vyandarua gani vinaishia majini. Kilichochanika baada ya miaka mitatu bila kubadilishwa ni jambo tofauti na kipya kilichotoka kwenye mfuko wake jana.

Halafu kuna jambo ambalo mabango ya "lala ndani ya chandarua" hayalijibu. Usipa huvuliwa usiku, kwa taa. Wanaume wa Lyulilo, Matema na vijiji vya jirani huwa ufukweni jioni wakiandaa nyavu, na tena alfajiri wakishusha. Wanawake huwasubiri na ndoo. Hizo ni saa za mbu. Kitanda chenye chandarua kizuri kabisa hakimkingi mtu ambaye hayupo kitandani. Taasisi ya Afya Ifakara imefanyia majaribio vipande vya gunia la katani vilivyotiwa dawa ya transfluthrin, vinavyotundikwa mahali watu wanapokaa nje usiku, na vimeonyesha kupunguza kuumwa. Mialo ya Ziwa Nyasa ni mahali pa kuvijaribu.

> Usipa huvuliwa usiku. Chandarua kilichoko nyumbani hakimkingi aliyeko ufukweni.

Nyumbani nako, itazame nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati. Kati ya ukuta na paa huachwa mwanya ili joto litoke. Mbu wa Anofelesi hupenda kuingia kwa kupitia juu hapo upenuni. Wavu wa kuzibia mwanya huo na madirisha hauhitaji kukumbukwa kila usiku, na unamkinga kila aliyemo ndani, mgeni na mtoto.

Dawa ya Kibaha na bonde lililojaa maji

Kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kufunguliwa mwaka 2015, hutengeneza dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi. Ndani yake mna bakteria ambao kiluwiluwi akiwala, utumbo wake hutoboka. Samaki, nyuki na mtu hawadhuriki. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitembelea kiwanda hicho na kuagiza halmashauri ziichukue dawa hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba hili ndilo jibu la Kyela. Natamani iwe hivyo, ila nina shaka na namna linavyosemwa. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya viluwiluwi itumike mahali ambapo mazalia ni machache, yako palepale na yanajulikana. Mpango wa Dar es Salaam ulioanza 2004 ulifaulu kwa sababu vijana wa mitaa yenyewe walikagua kila dimbwi kila wiki na kuliandika. Bonde la Kyela mwezi wa Aprili lina maji kuanzia mlango wa jikoni hadi upeo wa macho. Hakuna pampu ya mgongoni itakayolimaliza.

Kiangazi ni habari nyingine. Mito ikirudi kwenye mikondo yake, mbu hubanwa kwenye mabwawa ya matofali, visima vilivyoachwa, mitaro ya mjini na vidimbwi vya kingo za mito. Hapo mazalia yanahesabika. Dawa ya Kibaha ikitumika Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijawafungulia, inaweza kuingia msimu na mbu wachache. Fedha za halmashauri kwa kawaida hufuata mwaka wa fedha na wiki ya maadhimisho. Mbu hufuata mvua, na mpango wa kumdhibiti lazima ufuate mvua pia.

Waliobaki na mguu

Kushuka kwa takwimu hakumponyi aliyekwisha kuvimba. Dawa ya kingatiba hairudishi mguu ulivyokuwa.

Kinachosaidia ni kitu cha nyumbani kabisa. Mguu huoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kuanzia juu kushuka chini, kwenye kila mkunjo wa ngozi. Halafu hukaushwa kwa kitambaa laini kwa kugusa tu bila kusugua, hasa katikati ya vidole, mahali fangasi na bakteria wanapoingilia. Jeraha dogo hutiwa dawa siku hiyohiyo. Mtu akikaa, mguu huinuliwa. Akilala, huwekewa kitu chini. Kiatu kiwe kipana. Mgonjwa anayefanya hivyo hupunguza sana yale mashambulizi ya homa na maumivu yanayomlaza siku kadhaa, na kila shambulio lililozuiwa ni uvimbe uliozuiwa kuongezeka. Ndugu wa nyumbani wakifundishwa mara moja, wanaweza.

Busha lina tiba ya kisu. Upasuaji wake unaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya, na huku ufukweni Hospitali ya Kilutheri ya Matema iko karibu. Nchini zimekuwapo kambi maalumu za kuwafanyia wanaume bure, na zinapotangazwa, wengi hujitokeza ambao wake zao peke yao ndio waliojua wanaumwa. Orodha yao inaweza kuandikwa na wagawa dawa walewale wenye fimbo, kwa sababu wanaingia kila nyumba na wanaaminiwa. Daftari tayari wanalo. Linahitaji safu moja zaidi, ya jina la anayesubiri upasuaji na ya anayeosha mguu, na mtu wa zahanati wa kuifuatilia kila mwezi.